Breki za Gari la Shangazi

Gereji ya Baba,
Nyuma ya duka la mbao.
Jumatano, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu. Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi huku tunapumua. Mama analalamika magoti, ila ulimi wake uko salama salimini, tunausikia kila asubuhi.

Jambo lililonishikisha kalamu si jepesi. Wiki tatu zilizopita Baba alibadilisha pedi za breki za mbele kwenye gari la shangazi. Unajua desturi yake: gari la ndugu analifunga mwenyewe, na akishalifunga hakuna wa kulikagua. Nina miaka kumi na tisa gerejini na sijawahi kugusa gurudumu la shangazi.

Siku mbili baadaye shangazi alirudi, breki zinalia. Baba akamcheka, akamwambia pedi mpya hulia kidogo mpaka zizoeane na diski. Shangazi akamwamini kaka yake, akaondoka. Nilikuwa palepale, Dada. Mlio ule ulikuwa wa chuma kwa chuma, nami nikanyamaza kwa kuogopa kumkosoa Baba mbele ya dada yake. Ninajuta mpaka leo.

Jumatatu, kwenye mteremko wa zahanati, alikanyaga breki gari likavutwa upande mmoja na halikusimama. Lilipanda ukingo wa barabara, likagonga ukuta. Akina mama waliobeba watoto wachanga walikuwa kwenye foleni, hatua nne tu kutoka pale. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Nilipofika, shangazi akasema, "Kama si mkanda, saa hizi mngekuwa mnagombania sufuria zangu."

Nililivuta gari hadi gereji, nikalipiga jeki, nikatoa gurudumu la kushoto. Diski ilikuwa imechimbika mifereji ya kuingia ukucha. Pedi ya ndani ilikuwa imefungwa kinyume, bamba la chuma likitazama diski na upande wa kusugua ukiwa mgongoni. Hilo ni kosa la mwanagenzi wa wiki ya kwanza. Baba hakuliona kwa sababu haoni. Mtoto wa jicho amemfunika jicho lote la kulia, la kushoto nalo limeingia ukungu, na kwa miezi amekuwa akifanya kazi kwa kupapasa huku akijifanya mzima.

Nilibadilisha diski zote mbili, nikafunga pedi mpya, nikatoa hewa kwenye mabomba na kujaza oili ya breki. Pedi ile nikaificha kwenye droo, nikapanga kusema bomba lilipasuka.

Jana asubuhi Baba alininyooshea mkono. "Nipe ulichokitoa."

Nikamwambia ni bomba.

"Bomba lingepasuka, gurudumu zima lingenuka oili. Nimekufundisha mwenyewe, sasa unanidanganya kwa kazi yangu?"

Nikaitoa ile pedi kwenye droo, nikampa. Aliipitishia kidole gumba mbele na nyuma, muda mrefu, kisha akakaa juu ya tairi akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika babu. Baadaye alikwenda kwa miguu kumwomba shangazi radhi.

Ameamuru kwamba kuanzia sasa hakuna gari litakalotoka bila fundi wa pili kulikagua, liwe la mteja au la ndugu. Jumanne ijayo atapasuliwa jicho. Anaogopa, ingawa anasema anaogopa chakula cha hospitali tu.

Yeye ndiye aliyeniagiza nikuandikie. Amekaa hapa kando yangu, kila nikimaliza aya ananitaka nimsomee. Mwanzo niliandika kwamba pedi zilitoka dukani zikiwa mbovu, akanifutisha. Amesema, "Dada yako huwa anawaambia watu huko kwamba baba yake hajawahi kukosea breki. Mwambie aache."

Shemeji na wapwa wape salamu zangu. Mama na shangazi wanakukumbuka sana. Mungu awafunike huko mliko, atukutanishe tukiwa wazima.

Mdogo wako akupendaye,
Spana