Fundo Kwenye Pembe ya Shuka

Jumatatu, 3 Machi

Hujambo, daftari langu? Wiki mbili sijakushika. Huko kabatini salama? Mimi mzima kwa neema ya Mungu, magoti tu ndiyo yanayolalamika. Sakafu ya chumba cha mashuka ni saruji tupu, na pale hospitali nasimama tangu saa moja asubuhi. Leo mashuka mia tatu na arobaini. Mawili yamechanika, nimeyapiga fundo kwenye pembe kama siku zote. Shuka lenye fundo halirudi wodini. Linabaki kwetu mpaka lishonwe.

Nimerudi nyumbani, nimeoga, nimesali, nikafungua Baraza kwenye simu, ukumbi wetu wa hadithi mtandaoni. Watu elfu sita, na kazi tumebaki watatu. Mwanzo tulikuwa kumi na mmoja. Kazi ya kujitolea ndivyo ilivyo, mtu anakuja na moto, baada ya mwezi anasema mtandao unamsumbua.

Na yote kwa ajili ya mchezo wa redio uliokatwa miaka tisa iliyopita. Mke wa Stesheni Masta kasimama na sanduku lake, treni inaingia — kesho yake wakaweka matangazo ya mbolea. Hatukuambiwa kama alipanda. Basi tunajiandikia wenyewe. Kila anayetunga analeta sura yake, inasomwa na watu wawili, ikifaa inapandishwa. Msomaji wa kwanza ni mimi, wananiita Mama Mlezi. Wa pili ni Mwalimu, mstaafu, ambaye kwa sababu ya macho anachapa kila kitu kwenye karatasi na kusahihisha kwa kalamu nyekundu. Fundi ndiye mwenye mitambo. Mchana anatengeneza mafriji.

Dada mkubwa kapita mlangoni kaniona na simu. Una watu elfu sita hewani, kasema, na hakuna hata mmoja wa kukubebea ndoo. Nikamwambia ndoo yenyewe ni yako.

Fundi amefagia rasimu juzi, tarehe moja. Zote tulizowarudishia waandishi zimefutwa, nafasi imepatikana. Utaratibu huo niliuweka mimi, na huwa najisifu nao.

Yule mtunzi anayejiita Chiriku kimya siku ya tatu. Si kawaida yake.

Jumanne, 4 Machi

Leo mwandiko unisamehe.

Mwalimu amepiga simu nikiwa kwenye pasi kubwa. Huyu mtu hapigi simu, anaandika. Akauliza, sura ya kumi na saba ya Chiriku umeisoma? Nikasema nimeisoma, na Ijumaa nimemrudishia. Kisa? Kisa Sheria ya Saba — nyumba na watu wabaki kama walivyokuwa redioni. Chiriku kaingiza mtu mpya, mama mmoja anayekunja mashuka hospitalini. Mchezoni hayumo.

Akauliza taratibu, "Mama Mlezi, huyo mama anayekunja mashuka ni nani?"

Pasi imeunguza foronya mbili.

Chiriku anaijua kazi yangu. Miezi yote hii tumekuwa tukiongea pembeni, mambo ya wanawake, nyanya zimeharibika, kichwa kinauma. Jina lake silijui. Sheria ya Kwanza ya Baraza ni kutoulizana majina. Na katika sura ile Mke wa Stesheni Masta hakupanda treni. Yumo ndani, mlango umefungwa kwa nje. Anapewa simu saa moja kwa siku acheze na hadithi zake, maana mume anaziona za kitoto. Anamwandikia yule mama: ukinisoma usiniache.

Na mimi nikamjibu hivi. Nakumbuka kila neno. "Mhusika huyu hayumo mchezoni. Muondoe."

Akajibu, "Sawa Mama. Samahani kwa usumbufu."

Jumatano, 5 Machi

Nimemwomba Fundi anirudishie rasimu za Chiriku. Hazipo. Zimefagiwa. Nikauliza kama mitambo inaonyesha anakoandikia. Anasema inaonyesha mtandao wa simu tu, ambao nusu ya mji wanautumia.

Mji ni huu huu, hilo nalijua. Mwaka jana maji yalikatika siku tatu, tukagundua yamekatika kwake na kwangu saa ile ile, tukacheka.

Ninachojua kingine ni kwamba sura zake zilikuwa na vitu. Vitu vya nyumba, vya mtaa. Nami kila mara nilimwambia futa, redioni hakuna. Vitu gani? Sikumbuki. Nimewafutia watu wengi mno. Nimekaa kitandani nimejishika kichwa na hakiji kitu.

Mwalimu anazo karatasi zake. Anazitafuta.

Ijumaa, 7 Machi

Imekuja sura ya kumi na nane. Sura za Chiriku ni ndefu, hukosi kurasa tatu. Hii ina mistari minne. Nainakili:

"Mke wa Stesheni Masta amefikiri sana na ameona mume wake ana haki. Ameridhika. Hataandika tena. Mwisho."

Tangu mwaka jana wanaotunga kwa muda mrefu tunawaamini, sura ikiwa fupi inapanda yenyewe. Na aliyeituma kabonyeza Imekamilika. Hadithi ikikamilika mitambo inamtupia mwandishi maua kwenye ukurasa, na wasomaji wanapongeza. Mpaka saa sita mchana hongera themanini na nne. Mwisho mtamu. Umetuliza moyo. Mmoja kasema, afadhali, maana alikuwa anatuhuzunisha.

Nikampigia Fundi, zima hayo maua. Kasema, "Mama, nayazima, lakini wewe ndiye uliyeyaomba."

Kweli. Niliyaomba mimi.

Sikuweza kula. Dada kaniwekea chai, kaketi mbele yangu, kwa mara ya kwanza kaniuliza, huyo ndege wako anaitwaje tena?

Jumapili, 9 Machi

Kwenye ibada midomo ilikuwa inaimba, mimi sikuwepo. Mungu ananisikia lakini leo nilikuwa naona haya kumwambia.

Mchana Mwalimu kaja mwenyewe, na koti lake la harusi na bahasha. Karatasi nyingi mkewe kawashia jiko. Zimepona tatu, zilikuwa zimetandikwa kwenye droo ya vijiko. Zina madoa ya mafuta. Tumezisoma watatu, dada akishika taa ya simu kwa sababu ya macho ya Mwalimu.

Sura ya nne: geti la bluu lenye kiraka cha bati jeupe. Pembeni kuna maneno yangu, Mwalimu aliyanakili kwa kalamu nyekundu: "Stesheni Masta hana geti."

Sura ya tisa: mashine ya kusaga inaanza kabla hakujapambazuka, mkanda wake unalia kama mbuzi. Maneno yangu: "Mashine ya nini tena?"

Sura ya kumi na mbili: madirisha yanafungwa kwa sababu ya harufu ya gundi. Maneno yangu, nami nilijiona mcheshi: "Mwenzangu, stesheni inanuka makaa ya mawe."

Dada kazisoma mara mbili. Kasema, "Huyu mtoto wa watu alikuwa anakuelekeza njia, wewe unafagia nyuma yake."

Mwalimu akasema na yeye amesoma, na yeye alikuwa anahesabu mikato na nukta. Kakataa chai. Kaondoka kainama.

Jumatatu, 10 Machi

Dereva wa lori la mashuka anazunguka mji mzima. Nimemuuliza huku anapakia, kama mtu anayeuliza tu: wapi kuna harufu ya gundi na mashine ya kusaga pamoja?

"Shangazi, si nyuma ya kiwanda cha viatu? Pale hata chai inanuka kiatu."

Nikamwomba keshokutwa anishushe. Akataka kujua kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata, ana kiwanda. Tukacheka. Kwenye lori nikalia nyuma ya marobota, hakuniona.

Jumatano, 12 Machi

Nimeliona geti.

La bluu, na kiraka cheupe kama kitambaa kilichoshonwa vibaya. Mkanda ulikuwa unalia, kweli kama mbuzi. Kufuli kwa nje. Pembeni kuna upenyo wa vidole vitatu, nikainama kama mtu anayefunga kiatu.

Ua mdogo, umefagiwa. Kamba moja. Gauni la mauamaua na mashuka mawili. Moja la manjano. Jingine jeupe, zima kabisa, halina hata tundu — na pembe yake ya chini imepigwa fundo.

Nilimweleza Chiriku hilo zamani, kabla hata ya mwaka mpya. Aliniuliza, Mama, kwenye mashuka yote hayo mnalijuaje lililochanika? Nikamwambia tunalipiga fundo, basi kila mtu anajua hili halirudi.

Sijui nilisimama muda gani. Sauti nyuma yangu ikasema, "Shikamoo, mama." Mwanaume, miaka thelathini na kitu, shati limenyooka kwa pasi, mfuko wa mikate mkononi. Sauti ya upole.

"Marahaba, mwanangu."

"Unamtafuta nani?"

"Fundi cherehani. Nimeelekezwa mtaa huu."

"Wamekupoteza. Hapa naishi peke yangu." Akatabasamu. Akafungua kufuli, akaingia, akafunga kwa ndani.

Anaishi peke yake na anaanika gauni.

Nimerudi kwa miguu mpaka kazini. Magoti hayakuuma, au sikuyasikia.

Alhamisi, 13 Machi

Polisi. Askari wa kaunta kanisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, hakuandika neno. Akahesabu kwa vidole: mchezo wa redio, harufu ya gundi, na shuka. "Mama, nenda nyumbani ukapumzike." Wenzake wakacheka, si sana, kidogo tu.

Kwenye ukumbi nikasikia naitwa. Askari wa kike, mkubwa mkubwa, wa umri wangu. Akaniuliza jina la binti. Nikasema silijui. Akavuta pumzi.

"Dada, sikiliza. Nikigonga lile geti, mume akamtoa, akasimama mbele yangu akasema yuko salama, mimi naondoka. Na wewe utakuwa umemmaliza. Niletee neno lake mwenyewe kwamba anataka kutoka. Hata moja. Jumamosi niko zamu, nitakuja na gari."

Nikamwambia kuhusu fundo tena. Akasema yeye anaamini. Anayetakiwa kuamini ni mkubwa wake.

Ijumaa, 14 Machi

Fundi amechungulia. Kila siku kuanzia saa nne asubuhi ukurasa wa Chiriku unafunguliwa, dakika chache, kisha kimya. Kwa hiyo simu bado anapewa. Au mume ndiye anayefungua, kuona kama kuna anayeuliza. Fundi hawezi kujua ni mkono wa nani.

Nimemwambia aiondolee hadithi lile neno Imekamilika. Sheria ya Saba nimeifuta. Mwalimu kaniandikia mstari mmoja: imechelewa, lakini vizuri.

Nifanye nini? Nikimwandikia wazi na mume akasoma, nimemuua. Nikinyamaza, nimemuua polepole. Nimefunga leo, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Namwomba Mungu maneno, mimi niliyeishia darasa la saba, ambaye maneno ya wengine ndiyo niliyokuwa nayafuta.

Jumamosi, 15 Machi

Gari liko kwenye kona ya kiwanda cha viatu tangu saa tatu na nusu. Askari wa kike mbele na dereva wao. Mimi na dada nyuma. Dada kaja na mwavuli, wala mvua haipo. Nikamuuliza wa nini, kasema, wewe andika.

Saa nne kamili nimeutuma ujumbe, kwenye kisanduku cha maoni, mbele ya watu elfu sita, kama maoni ya msomaji yeyote. Saa nne na dakika sita alama imegeuka: umesomwa. Sijui na nani.

Sasa ni saa nne na dakika kumi na tisa. Simu naishikilia kwa mkono wa kushoto. Harufu ya gundi imetujaa puani. Askari kauliza, vipi? Nikasema bado. Akasema neno la binti anaweza kulingoja mpaka saa tano, akazima redio yake. Mwisho wa mtaa geti linaonekana. Kufuli leo halipo kwa nje, maana yake mume yumo ndani naye.

Dada anasema nisiitazame simu, niandike. Basi nanakili hapa nilichotuma, isije ikasemwa baadaye kwamba niliandika vingine:

"Kwako mwandishi wetu Chiriku. Hujambo? Habari za nyumbani? Afya yako vipi? Sisi huku Baraza wazima, tunakukumbuka. Sura yako ya mwisho tumeipokea. Naomba radhi kwa yote niliyokuambia ufute, kosa lilikuwa langu, yote yalikuwa mahali pake. Hadithi hatujaifunga. Kuna swali dogo moja, ni la mambo ya nyumbani tu: lile shuka jeupe la Mke wa Stesheni Masta, lirudi wodini, au libaki kwetu? Neno moja linatosha. Mimi nipo karibu, nakunja mashuka yangu. Tafadhali nijibu mapema."