Kasha Lisilo na Matundu

Shikamoo, baba.

Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana wewe hupo na mimi sina subira. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikisema nitakuandikia, nitakuandikia, kumbe nilikuwa nangoja jambo. Sasa limepatikana. Nimerudi jana kutoka mpakani. Mzigo wetu wa kwanza kuuzwa nje ya nchi ulizuiwa kule, na kilichouzuia ni alama yako.

Ile ile, baba. Kila samani uliyotengeneza uliigeuza chini juu na kuichonga mikato midogo ya patasi mahali pasipoonekana. Mti huu mikato mitatu, mti ule mitano, na vyote vilivyotoka mti mmoja vikabeba mikato sawa. Nilipokuuliza sababu, ukanijibu huku ukipuliza vumbi la mbao, "Hawa ni ndugu, Zuhura. Wakipotezana watajuana." Nilikuwa na miaka tisa. Kwa muda mrefu niliamini makabati hutafutana watu wakitoka nyumbani.

Tukarithi hiyo alama pamoja na karakana. Fundi Sudi, uliyefanya naye kazi tangu ujana wenu, hafungi mzigo kabla hajaichonga. Kwa hiyo mama mmoja wa nchi jirani alipotuagizia vitu vya nyumba yake ya wageni, vitanda vitatu, kabati la nguo, makasha matatu ya nafaka na mabenchi mawili ya barazani, tulivitoa vyote katika mninga mmoja mnene, na vyote tukavichonga mikato minne. Niliona fahari kubwa. Sikujua ninajichongea mwenyewe.

Ni hivi. Nchi ile ina sheria yake kuhusu samani za mbao za chumba cha kulala zinazoingia kutoka nje. Kitanda kimo, kabati la nguo limo, kasha la nguo na mablanketi limo. Hivyo vina ushuru wa ziada na kibali chake. Benchi halimo. Kasha la nafaka halimo. Nikaandika karatasi zangu hivyo, vitanda na kabati upande huu, makasha na mabenchi upande ule, nikagonga muhuri wa karakana, nikalala usingizi wa mtu asiye na neno na mtu.

Simu ikaja kwamba mzigo umezuiwa. Nikapanda basi.

Afisa wa forodha alikuwa mama wa makamo, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, kisha akanipeleka kwenye lori na kuligeuza benchi moja mbele yangu.

"Hii mikato minne ni nini?"

"Alama ya mti, mama. Baba yangu alituachia. Maana yake mbao zimetoka mti mmoja."

"Na kitandani ipo hiyo hiyo."

"Ipo."

"Basi hii ni seti moja ya chumbani. Umeigawa kwenye karatasi ili nusu ipite bure. Hayo ya undugu wa mbao kawasimulie wajukuu."

Sikuwa na wajukuu wa kuwasimulia. Nilikuwa na mafundi wanne karakanani Kanyenye wanaosubiri, na huyu mama alikuwa na kalamu. Akiandika kwamba tumedanganya, jina la karakana yako linaingia kwenye orodha ya wadanganyifu, na hakuna ubao wetu utakaovuka pale tena. Uliniachia vitu vingi, baba, lakini jina ndilo ulilonikabidhi kwa mkono.

Hapo ndipo nilipoikumbuka kesi ya watu wa kijiji cha Ziba. Wewe huwezi kuwa umeisahau. Walikuja na trela la trekta, upande wa bwana harusi na upande wa bibi harusi, na makasha mawili yaliyofanana kama mapacha. Wa kiume walikuwa wameahidi vitu vyote vya chumbani. Bibi harusi akayachukua yote mawili, mama mkwe akadai moja ni lake la mahindi, alikuagiza yeye mwenyewe kwa mdomo wake. Wote wanakutazama wewe. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya rundo la maranda, nimeshika kikombe chako cha kahawa.

Hukuuliza nani aliahidi nini. Uliyageuza makasha, ukapitisha kidole ubao wa nyuma, chini karibu na miguu. Uliwaeleza kwamba kasha la nafaka hutobolewa pale ili lipumue, na la nguo hufungwa kabisa wadudu wasiingie. "Kitu hakiulizwi jina," ulisema, "kinaulizwa kazi." Kisha kidole chako kikasimama. Hakuna lililokuwa na matundu. Ulikuwa umesahau.

Ungeweza kutoboa pale pale ukamaliza maneno. Badala yake ulivua kofia, ukasema, "Mimi ndiye niliyekosea. Kasha lisilo na matundu ni la nguo, hata kama niliambiwa la mahindi. Yote mawili ni ya bibi harusi. La mama nitalitengeneza upya, na nitampelekea mwenyewe." Yule mama mkwe akakushukuru kwa lugha ya kwao, "Wabeja, fundi." Tangu siku hiyo watu wa Ziba hawakununua kitanda kwingine.

Basi nikamwomba yule afisa tuisome sheria pamoja, mstari kwa mstari. Hakukataa. Tukakuta imeandikwa kwamba kinachoangaliwa ni kitu kimebuniwa na kutengenezwa kitumike wapi. Nilikaribia kucheka. Ni maneno yako yale yale, ila yamevaa tai. Nikamwambia, "Mama, alama inasema mbao zilizaliwa wapi. Haisemi zinakwenda kufanya kazi gani. Twende tukaziulize kazi."

Mabenchi hayakutuchelewesha, kiti ni kiti. Tukageuza kasha la kwanza, nikamwonyesha matundu na kumweleza. La pili, matundu. Akaanza kukunja karatasi zake. Mzee, la tatu halikuwa na matundu.

Nilikumbuka papo hapo. Yule mteja alinipigia simu katikati ya kazi akasema kasha moja liwe la mablanketi. Nikamwambia Sudi, Sudi akalifunga vizuri kabisa, mimi nikasahau kwenye karatasi. Ningenyamaza lingepita. Afisa alikuwa ameshageuka.

"Mama, samahani," nikamwita. "Hilo moja ni la chumbani. Mimi ndiye niliyekosea."

Akarudi, akainama, akapitisha kidole chake pale pale ulipopitisha chako. Kisha akarekebisha karatasi kwa mkono, nikalipia kasha lile moja, akapiga muhuri mzigo wote. "Hayo mengine nimeyaamini kwa ajili ya hili," alisema. Lakini aliponirudishia karatasi akaniasa, "Mwanangu, acheni hizo alama. Zitawaponza."

Nikaona ana busara. Nilipofika karakana nikaichukua patasi ya Sudi ya kuchongea alama, nikamwambia kuanzia sasa hatuchongi tena. Aliendelea kupiga randa. Unajua kimya chake.

Leo asubuhi nililigeuza benchi lako la mlangoni, lile ulilokuwa ukijilaza juu yake baada ya adhuhuri, kofia imefunika uso, na kutuambia kwamba hulali bali unafikiri. Mguu mmoja ulikuwa unacheza, nikataka kuukaza. Chini yake kuna mikato saba.

Baba, mikato saba naijua. Ipo chini ya kitanda changu cha utotoni. Nilikuwa nikijificha kule nikikosea, nikiihesabu kwa kidole mpaka hasira zako ziishe. Miaka yote hiyo ulikuwa umejilaza juu ya ndugu wa kitanda changu, na hukuniambia hata siku moja.

Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sioni haya kukuandikia hivyo. Kwa sheria ya yule mama wa forodha, kitanda changu kimo na benchi lako halimo, na mpakani vingetenganishwa, kila kimoja na karatasi yake. Ni haki kabisa. Sina ugomvi na sheria hiyo, sasa naijua kuliko wengi wanaoisimamia, na karatasi zangu zitakuwa safi. Nitaongeza tu mstari mmoja chini ya kila moja kueleza alama ni ya nini.

Nimeukaza mguu wa benchi. Nimemrudishia Sudi patasi yake, naye kwa mara ya kwanza tangu jana akanisemesha, akauliza huu mninga mpya tuupe mikato mingapi. Pumzika, baba. Ukinipotea, nitakujua.

Binti yako, wa mikato saba,
Zuhura