Meno ya Mama Yako

Mjukuu wangu Tusekile,

Natangaza kwa huzuni kuwa jogoo wetu amehamia kwa jirani, na babu yako amemnunia. Wengine hapa Itumba hatujambo.

Unauliza kwa nini ninyi manesi wa watoto mfundishwe meno. Huwa najisifu kuwa mimi, nilipokuwa nesi, niliyapenda mafunzo hayo tangu mwanzo. Ukweli ni huu: mama yako akiwa mchanga aliharisha, fizi zikavimba. Nikasema ni meno ya plastiki, yale yanayosemwa huua watoto, nikambeba nimpeleke kwa mzee wa kuyang'oa. Nilipita kliniki kuomba ruhusa ya kazini, nikamkuta daktari wa meno akiwafundisha manesi wenzangu. Akamfunua mama yako mdomo.

"Nesi mzima! Hayo ni meno yake yanakuja. Kuharisha nako tutamtibu."

Nikakaa chini na gauni langu jeupe, nikasikiliza somo hadi mwisho. Ni meno hayohayo mama yako anayokuchekea nayo mpaka leo.

Bibi yako