Siku Ukoo wa Rehema Ulipokaa na Chuo cha Ng'ambo

Nduguti, Mkalama

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa, na mvua za Tukuyu hazijakufungia ndani. Huku mvua tunaisikia kwa jina tu. Mwenyeji wetu ni upepo. Mimi ni mzima. Kustaafu kumenikataa, kama unavyojua: shule bado inanitumia kuwaongoza wanafunzi wa kidato cha sita wanaoomba vyuo vya nje.

Uliniuliza kwenye simu kazi hiyo ikoje, nami nikakujibu nusunusu kwa sababu chaji ilikuwa inaisha. Ngoja nikueleze vizuri. Kwanza tunamwuliza mwanafunzi anataka kusomea nini. Wengi hukutajia nchi, kwa hiyo swali hilo peke yake linaweza kula wiki nzima. Kisha tunatafuta chuo chenye somo hilo na ufadhili, tunaandaa matokeo yake, walimu wanaandika barua za kumtambulisha, naye anaandika mwenyewe habari zake. Chuo kikivutiwa, humwita kwenye usaili kwa njia ya kompyuta. Hapo hujibu peke yake, bila mtu wa kumsaidia. Ndiyo sheria.

Mwaka huu aliyeitwa ni Rehema, binti wa mkulima wa alizeti. Anataka kusomea mambo ya maji, maana kisima cha kwao kina chumvi hata chai yao unaionja mara mbili kabla ya kuimeza. Nilipomweleza baba yake habari za usaili, alisema, "Sawa, Mwalimu. Nitawaambia wakubwa." Nikadhani ni adabu ya kuagana tu.

Siku yenyewe, Rehema ameshakaa mbele ya kompyuta, nikamwona baba huyo anaingia nyuma ya kaka yake mkubwa, Mzee Mkumbo, aliyevaa koti la harusi na kubeba jogoo kwapani.

"Mwalimu, tumefika," alisema Mzee Mkumbo. "Hao wanaomtaka mtoto, wako wapi?"

"Mzee, ni mama mmoja wa chuo. Atatokea hapa kwenye kioo."

"Wametuma mwanamke peke yake? Basi ana mamlaka."

Nikamweleza kwa upole kwamba binti anapaswa kujibu peke yake, na kwamba hii si posa.

"Mtu wa mbali anamwomba binti yetu. Anataka akale kwake, alale kwake, miaka yote hiyo. Wewe unaiitaje, Mwalimu? Au kwenu Tukuyu mnaozeshana kwa simu?"

Dada, pima mwenyewe. Nikiwatoa, ukoo utamzuia binti. Nikiwaacha, chuo kinaweza kusema tumemsaidia kujibu. Rehema alikuwa ameinamisha kichwa, na nilijua hatakiinua mbele ya baba yake mkubwa. Yule mama alipotokea, nikaona bora niseme ukweli: wazee wa binti wameomba kusalimiana naye kwanza, kwa desturi ya huku. Akafikiri kidogo, akakubali. Nami nikawa mkalimani.

Mzee Mkumbo alisogeza kiti. Baba mzazi alikaa kimya, kama inavyotakiwa kwenye posa; aliyeuliza ni kaka yake.

"Akiugua, nani atajua? Chuo kikifungwa, wenzake wakaenda kwao, yeye atakwenda kwa nani? Na akiharibika tabia, nani wa kumwonya?"

Yule mama hakucheka. Alieleza habari za zahanati ya chuo, na familia zinazowapokea wageni wakati wa likizo. Kwa swali la tatu alisema, "Hapo nitakupigia simu wewe."

Mzee Mkumbo akanigeukia. "Huyu anafaa. Mwambie hatumpi mtoto moja kwa moja, tunamwazima." Akasimama, akaniachia jogoo, akamshika ndugu yake mkono wakatoka.

Hapo Rehema akainua kichwa. Nilimfundisha wiki nyingi na hakuwahi kunipa zaidi ya mnong'ono. Siku hiyo aliongea hadi jogoo akanyamaza. Alipoulizwa kama atarudi nyumbani akimaliza, niliogopa atatoa jibu la kukariri. Akasema, "Umewaona wale wazee. Nisiporudi watanifuata."

Jibu limekuja juzi: wamemchukua kwa ufadhili, ikiwa matokeo ya mtihani wa mwisho yatakuwa mazuri. Na mwakani, kazi yangu ya kwanza itakuwa kukaa na wazee, kabla hata ya kuwasha kompyuta.

Msalimie shemeji, mwambie apunguze ubishi na daktari. Msalimie mama mdogo na mwanangu Ipyana huko shambani kwenye chai.

Nina ombi moja. Baba yake Rehema alikuja jana, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza akaniuliza jambo: "Mwalimu, huko baridi ni kama ya huku mwezi wa saba?" Nikamwambia ni zaidi sana. Akasema, "Basi ngoja nianze kuzoea," na sikujua kama anasema baridi au kutokuwepo kwa binti. Dada, mfumie huyu mtoto sweta zito. Ni mwembamba, mikono mirefu. Matokeo bado, lakini wewe anza tu, na uache nafasi mabegani, kwa sababu bado anakua.

Mdogo wako akupendaye,
Tusekile