Mulamwa, Ile Kisu Yako ya Shimo Imepata Mwenyewe

Mulamwa wangu Wafula,

Wengine wataita shemeji, lakini kwetu ndugu ya bwana yako ni mulamwa, na mulamwa unamtania mpaka umfikishe kaburini. Mimi nimekufikisha na bado niko na maneno yako mdomoni. Siku ya kukuzika yule mwenye kushika maiki alisema watu waongee haraka haraka mvua inakuja. Wakaongea wazee, wakaongea watu wa kanisa, akaongea hata yule jirani mwenye ng'ombe yake ilimaliza mahindi yako. Mimi niko kwa laini na leso yangu, nangoja. Mvua ikanyesha. Maiki ikafungwa kwa karatasi ya nailoni, tukakimbilia tenti. Kwa hivyo nimemwambia Nekesa, huyu msichana wangu wa kuzaa, aandike vile nasema, asinirekebishe, halafu aweke kwa ile grupu ya familia wote wasome kile ningesema.

Nekesa anasema nianze na salamu. Sasa nitasalimia mtu mwenye hawezi kuitikia? Haya, salamu. Huku tuko wazima isipokuwa vidole. Vidole nitafikia.

Unakumbuka vile ulikuja kwa kibanda yangu Gikomba? Wekesa, ndugu yako na bwana yangu, alikuwa amekufa hata mwaka haijaisha. Akaniachia meza ya visu za kukunja, hizi ndogo za mfukoni, na mimi sijui kitu. Mimi nilikuwa mtu wa kuuza mboga huko mtaani Ziwani. Mboga mtu akiangalia ameona, imekauka ama haijakauka. Lakini kisu! Mtu anashika, anageuza, anafungua, anarudisha, anaenda. Siku nzima wanashika wanarudisha, wanashika wanarudisha, mpaka nikafikiria Wekesa ameniachia laana.

Wewe nawe mashine ya kiwanda ilikuwa imekula vidole vyako vya mkono ya kushoto, ikaacha kimoja, wakakuambia uende nyumbani. Ukawa unazunguka Ziwani na mkono kwa mfuko kama mtu ameficha andazi. Nikakuambia, "Mulamwa, kuja ukae na mimi sokoni, angalau wezi waogope."

Ukasema, "Wataogopa nini? Mtu wa kidole moja?"

"Wataogopa sura."

Ukacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nakuona unacheka tangu ile mashine. Kesho yake ukakuja, ukageuza kreti ukakaa nyuma yangu, na hapo ndio shida yangu ilianza. Juu kila kastoma akienda mimi nilikuwa napiga kelele, "Baba, rudi! Rudi tuongee, nitakupunguzia!" Na wewe huko nyuma, pole pole kama mtu anasali, "Mulamwa, nyamaza. Huyo hajaenda juu ya bei."

"Ameenda juu ya nini?"

"Umeangalia kucha zake? Huyo anabeba magunia. Kucha imeisha yote. Na hiyo kisu inataka kucha ya bibi harusi ndio ifunguke."

Mimi sikuwa nimewahi kuangalia kucha ya mtu. Nikaanza kuangalia. Haki ya Mungu, mulamwa, macho yangu ulifungua wewe. Ile kisu ilikuwa inacheza shingo, pale ubapa inaingia kwa mpini, mtu akiishika inaenda huku, inaenda huku, ukasema, "Nani atabeba kitu inatingika hivyo karibu na vidole? Uliza mimi." Ile ilikuwa laini sana mpaka inafunguka yenyewe ndani ya suruali, mwanaume akaijaribu, akaangalia chini, akaangalia mimi, akairudisha na heshima. Tulicheka siku hiyo mpaka yule mama wa kuuza viatu kando yetu akauliza kama tumekunywa. Na ile yenye vitu kumi, kijiko, msumeno, ile waya ya kuzunguka ya kutoa kizibo, nilikuwa nafikiria ndio mfalme wa meza. Watu wanafungua kijiko, wanacheka, wanaenda. Ukasema, "Hawa wanatafuta kisu, wewe unawapa jikoni."

Na yule mzee wa Eastleigh wa kofia nyeupe, aliuliza, "Mama, mpini huu ni mfupa wa mnyama gani?" Mimi na mdomo yangu, "Aa, ni mnyama tu, baba." Akaweka chini na vidole viwili, akasema asante, akaenda. Ulinichapa na maneno! "Mnyama tu! Na kama ni nguruwe?" Kutoka siku hiyo zenye mpini ya mbao zikakaa upande moja, na mzee akirudi namwambia, "Hii ni mti, baba, imemea tu." Alikuja kununua, na akaleta mtoto wa ndugu yake.

Kuna kijana alipenda moja ndefu, akaishika kama mtoto mchanga, halafu akairudisha. "Mathe, hii karao wakinipata nayo nitasema nini? Ati naenda kumenya chungwa?" Hiyo ya polisi sasa hata mimi nilielewa. Hizo ndefu nikaacha kuleta.

Lakini ile iliniuma ni ya mzee wa kwetu. Alikuwa amechagua, ameshafungua mfuko atoe pesa, mimi kwa furaha nikampatia kisu mkono kwa mkono, imefunguliwa. Akarudi nyuma kama nimemtemea mate. "Mama, wewe umezaliwa wapi? Kisu unapatia mtu mkononi? Unanipatia ugomvi niende nayo kwa nyumba?" Akaenda bila. Nikakuuliza kama ni ukweli, ukasema, "Nyanya yetu alikuwa anaiweka chini, unaokota mwenyewe. Sijui kama ni ukweli. Lakini yeye anajua, na yeye ndiye mwenye kununua." Mpaka leo mimi naweka chini, juu ya ile kitambaa ya bluu.

Sasa nikwambie ile kitu sikukubali. Wewe ulikuwa unasema nisifungulie mtu kisu. Kila siku. "Weka ikiwa imefungwa, afungue mwenyewe." Na mimi nilikuwa na mtindo yangu, unakumbuka, nafungua na mkono moja, tak! nafunga, tak! watu wanasimama kuangalia.

"Hiyo ni sarakasi," ukasema.

"Si inavuta watu?"

"Inavuta wa kuangalia. Mulamwa, mkono yako sio mkono yake. Kisu ikikubali mkono ya mtu, imepata mwenyewe. Ikikataa, hata ukiimba."

Nikakuambia ukifungua kibanda yako utafanya hivyo. Ulirudisha mkono kwa mfuko. Nilikuumiza, najua. Pole ya hiyo maneno ndiyo nilikuwa nimebeba kwa laini ya maiki, na mvua ikanirudisha nayo.

Halafu ukapotea siku mbili, ukarudi na kisu. Ulikuwa umeenda kwa fundi wa chuma, ukamwambia atoboe shimo kwa ubapa, hapo juu karibu na shingo, shimo ya kuingia ncha ya kidole gumba. Alivunja biti mbili za kutobolea akikutukana. Ukasimama mbele yangu, mkono ya kulia peke yake, ukaweka kidole kwa shimo, ukasukuma, ikafunguka. Ukafunga kwa kuigandamiza kwa paja. Ukafungua tena. Wewe, mwenye kufungua hata soda ulikuwa unangoja mtu. Nikasema nini? Nikasema, "Hiyo shimo ni ya nini, ya kupitisha hewa?"

Ukaiweka kwa meza pamoja na zingine. Hakuna mtu alitaka. "Mathe, hii ilipigwa risasi?" Kila mtu na risasi yake. Miaka mulamwa, hiyo kisu imekaa kwa hiyo kitambaa miaka. Ulipoamua kurudi nyumbani nilikuambia uibebe, ukasema, "Niko na panga huko. Iache. Itapata mwenyewe." Nikafikiria ni majivuno.

Sasa vidole.

Mvua ya msimu huu ilikuja na hii kitu ya viungo. Nikiamka vidole vimekaa kama tangawizi, havikunji, havikunjuki. Nikaenda kibanda, kastoma akauliza ile ya mpini nyekundu, nikajaribu mtindo yangu. Haikufunguka. Nikajaribu na mikono miwili. Nikaangalia kando nikaweka meno. Yule baba akasema, bila ubaya, "Mama, kama wewe mwenye kuuza imekushinda, mimi nitaiweza?" Akaenda. Na wengine hivyo, na wengine hivyo. Kwa meza yote kisu moja tu ndio ilikubali kufunguka kwa mkono yangu, na unajua ni gani. Nilikaa hapo nikaifungua nikaifunga, nikalia kidogo, mama wa viatu akajifanya hajaona.

Nekesa akasema basi, funga, uje ukae na mimi Donholm. Yeye ni mtoto mzuri, hapa ananung'unika lakini ni mzuri. Huko ni ghorofa ya tatu. Nitakuwa naangalia nini, nguo za jirani zikikauka? Lakini nikakubali. Nikamwambia mwisho wa mwezi. Nikawa nauza na hiyo kisu yako, nafungulia watu hiyo kuwaonyesha ubapa ni ya aina gani, halafu wanaangalia hizo zingine.

Hiyo wiki ya mwisho akakuja mama moja. Alikuwa fundi wa kushona, akapata ugonjwa wa kupooza upande, mkono ya kushoto inaning'inia tu. Siku hizi anatoa zipu na vifungo kwa nguo kuukuu za mitumba, anafinya nguo na goti. Akajaribu ya mpini nyekundu, ya mbao, ile ndogo. Zote zikakataa. Akaona ile naifungua mimi.

"Ebu weka hiyo chini."

Nikaiweka chini, imefungwa. Akaokota. Kidole kikaingia kwa shimo kama kimeenda nyumbani. Akafungua. Akafunga kwa paja, vile vile kama wewe, na hakuna mtu amemfunza. Akaangalia mimi akasema, "Mama, unajua mimi hukata uzi na meno? Angalia haya meno." Akacheka, nikaona enyewe meno yameisha.

Nilikuwa nataka kusema haiuzwi. Mdomo ulikuwa umefunguka. Ni mkono yangu hiyo, mulamwa, ilikuwa imebaki mkono yangu. Lakini nikasikia wewe nyuma kwa kreti, pole pole. Nikaifunga kwa gazeti, nikaiweka chini, akaokota akaenda.

Nikabaki na meza ya visu sina hata moja naweza kufungua. Akakuja mtu wa mkokoteni, jasho mpaka kwa viatu. "Mathe, hii inafungukaje?" Na mimi kwa mara ya kwanza tangu nianze hii kazi, nikaweka mikono chini ya leso nikasema, "Jaribu mwenyewe, baba."

Ya kwanza ikamshinda, akaweka. Ya pili akaifungua akaona inabana, akaweka. Ya tatu ikafunguka. Akafunga, akafungua, akafunga, akasahau kama mimi niko. "Hii," akasema. Sikuwa nimeita, sikuwa nimepunguza.

Nekesa alikuja mwisho wa mwezi na gari ya kubeba vitu. Akakaa kwa kreti yako, hakujua ni yako. Akaangalia watu wanajifungulia. Jioni akarudisha ile gari tupu, akaniachia glavu za manyoya na maneno mengi. Yule fundi wako wa chuma nimemtafuta, amezeeka, bado anatukana. Anatoboa zingine za shimo.

Basi, mulamwa. Uliniachia kazi, ukaniachia macho, na mimi nilikuchekelea shimo. Asante. Sikupatii mkononi, usije ukasema nimekutumia ugomvi huko uliko. Hiyo asante nimeiweka hapa chini, kwa kitambaa ya bluu. Okota mwenyewe.

Ni mimi,
mulamwa wako, bibi ya Wekesa, bado niko kwa meza.