Sahani ya Baba

Jumamosi usiku, Namakwekwe

Nilisema! Mbele ya Shangazi, nilisema.

Daktari kule nyumbani Jinja alimwambia Baba apunguze nyama kwa sababu ya presha, nami nikaahidi kupunguza pamoja naye. Juzi alishikwa na kizunguzungu, akabaki ameegemea ukuta. Naogopa. Ila hapa Mbale, kwa dada yake, anaona aibu kukataa chakula. Leo Shangazi alimjazia nyama ya ng'ombe, naye akaitazama tu.

"Shangazi, mimi nimepunguza nyama," nikasema. Nilikuwa nimepanga kueleza na habari za misitu inayokatwa ili ng'ombe wapate malisho, kama tulivyofundishwa shuleni, lakini maneno yote yakanikimbia.

"Heh! Samaki wa huko kwenu Masese wamekuharibu wewe," Shangazi akacheka. "Haya, kula malewa."

Akaniwekea yale machipukizi ya mianzi, yamepikwa kwa karanga. Baba akasogeza sahani yake polepole.

"Nami niwekee hayo hayo, dada."

Tulipokuwa tunanawa mikono akaninong'oneza, "Kesho tena, anza wewe kukataa."

Mimi! Mimi ambaye darasani sijawahi kunyoosha mkono.