Mpangaji wa Nyuma ya Jiko

Baba Watoto,

Hapana, simwonei panya wako. Asubuhi umeondoka umenuna kabla sijamaliza kusema, kwa hiyo malizia kunisikiliza hapa. Unasema Mpangaji ana afya kuliko sisi sote. Shida ndiyo hiyo. Homa ya panya haimuumizi yeye. Anaitunza mwilini, anaikojoa nyuma ya jiko, na kitindamimba wetu anapita hapo peku. Wodini kwangu nawaona wanaoletwa wakiwa na macho ya njano.

Unga wa mfuko uliotobolewa utupe, usiuchekeche. Nyuma ya jiko usifagie pakavu: mwagia maji ya klorini kwanza, na uvae glavu.

~~Leo utalala sebuleni.~~ Nimefuta. Najua ulimzoea ulipokosa kazi, nyumba kimya mchana kutwa na mgeni wako ni yeye tu.

Nilitaka nikusubiri tuelewane. Nimeghairi. Sasa hivi nimemwona akitoka kwenda uani, nimeziba tundu lake kwa saruji. Bado mbichi, usiiguse.

Yale makombo ya mkate uliyokuwa ukimwekea, kuanzia leo niwekee mimi.

Mama Watoto